Wapiga picha wa makaburi ya kale na magofu: hiki kilichotokea kwenye picha yangu ya Tongoni ni nini?

#1 Mwana wa Chumbageni

Wakuu, salaam. Burudani yangu ni kupiga picha makaburi ya kale na magofu ya pwani yetu. Nimeshapita Kaole, Kunduchi na Kilwa Kisiwani, na kwa kuwa naishi Tanga, Tongoni ndiyo kwangu.

Wasiopajua: ni kama kilomita 17 kusini ya mji, barabara ya Pangani, unakata kuelekea baharini. Pana gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengi yalijengwa na nguzo ya mawe upande wa kichwani. Inasemekana hakuna mahali pengine pwani nzima penye makaburi ya nguzo mengi namna ile pamoja. Nguzo nyingi zimekwisha anguka.

Jumamosi iliyopita nilikuwa hapo magharibi ikiingia. Simu nimeifunga kwenye stendi, flashi nimezima. Nikapiga picha tatu mfululizo bila kugusa stendi. Ya kwanza safi. Ya tatu safi. Ya pili, chini ya nguzo kuna kitu cheupe, kimo cha mtu, na ukuta wa kaburi unaonekana kwa nyuma yake kama unatazama kupitia pazia jepesi.

Naomba wenye ujuzi wa kamera waseme, na wenye kuijua Tongoni waseme. Na kama kuna wenzangu wenye burudani hii, mmeshakutana na nini?

#2 Pweza Mkavu

Natia kambi hapa. Nikitoka kazini narudi kusoma.

#3 Fundi Lenzi

Mkuu, kabla watu hawajaleta majini, maswali mawili. Una hakika flashi ilizimwa? Na ulitoka kwenye gari lenye kiyoyozi?

Nauliza kwa sababu picha nyingi za "mizimu" ninazoletewa ni hayo mawili. La kwanza, flashi ya simu iko karibu sana na lenzi. Ikiwaka, mwanga unagonga vumbi, matone ya umande au mdudu aliye sentimita chache mbele ya lenzi, na unarudi moja kwa moja ndani ya kamera. Kwa kuwa kile kitu kiko nje ya fokasi, kinatokea kama duara jeupe linaloelea. La pili ni lenzi baridi kuingia kwenye joto la pwani. Inafunga ukungu, na ukungu huo unaanza kutoka katikati au pembeni, kwa hiyo picha inakuwa na doa jeupe mahali pamoja tu.

#4 Mwana wa Chumbageni

Fundi, flashi ilizimwa kabisa. Kiyoyozi sikukiona siku hiyo, nilikwenda na bodaboda. Simu ilikuwa kwenye hali ya usiku, na inaonyesha kila picha ilichukua sekunde mbili.

#5 Kilifi Kwetu

Hamjambo huko Tanga. Mimi napiga picha magofu ya Gedi na Mnarani, huku Kenya. Gedi ukiingia saa kumi na moja jioni, watalii wameshaondoka, ule msitu unanyamaza kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri. Wazee wa vijiji vya jirani wanasema mji una wenyewe, na ukichukua hata kigae cha chungu kutoka pale hulali.

Na si wazee peke yao. James Kirkman, Mwingereza aliyechimba Gedi kuanzia 1948, aliandika kwamba alipoanza kazi alihisi kuna mtu au kitu kinamwangalia kutoka nyuma ya kuta, si kwa uadui wala kwa urafiki. Huyo ni mtaalamu wa mambo ya kale, alikaa pale miaka.

Pia pale pana kaburi lenye tarehe iliyochongwa: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Ukisimama mbele yake, unajua mwaka wa huyo mtu lakini mengine yote huyajui. Nimelipiga picha kila mwanga ninaoweza kuupata.

#6 Fundi Lenzi

Sekunde mbili! Basi nusu ya jibu tunayo. Hali ya usiku kwenye simu haipigi picha moja. Inapiga nyingi haraka haraka kisha programu inazipanga juu ya nyingine na kuzichanganya. Mtu akipita akasimama kwa nusu ya muda huo halafu akaondoka, simu inabaki naye nusu. Anaonekana, na ukuta wa nyuma yake unaonekana pia. Hao tunawaita vivuli vya mwendo, na wapiga picha wa zamani waliwatengeneza kwa makusudi.

Marekani kulikuwa na mpiga picha William Mumler, miaka ya 1860. Alikuwa akiwauzia watu picha zao wakiwa na "roho" ya marehemu nyuma ya bega. Mwaka 1869 alishtakiwa New York kwa udanganyifu, akaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Baadaye alimpiga picha hata Mary Todd Lincoln, mjane wa Rais Abraham Lincoln, akiwa na "mumewe" nyuma yake. Watu waliofiwa walilia wakizitazama picha zile. Sisemi wewe unadanganya, mkuu. Nasema kamera inaweza kufanya hivyo yenyewe.

Ulikuwa na nani?

#7 Mwana wa Chumbageni

Bodaboda, na mzee anayeangalia mahali pale. Mzee alikuwa nyuma yangu akinisimulia habari za msikiti. Bodaboda anasema hakuiacha pikipiki yake.

#8 Kiberiti cha Raskazone

Bodaboda ndiye jini wenu. Alikwenda kujisaidia nyuma ya nguzo na sasa anaona haya kusema. Uzi ufungwe.

#9 Mwana wa Chumbageni

Kiberiti, alikuwa amevaa fulana nyeusi.

#10 Kiberiti cha Raskazone

Basi uzi ufunguliwe.

#11 Bint Shela

Asalaam aleikum. Mbona hamuulizi kama kulikuwa na ubani? Mimi ni wa Lamu. Sisi watu wa Shela tuna Takwa, kule kisiwa cha Manda, ambako wazee wetu walitoka karne ya 17. Kuna kaburi la nguzo, na mpaka leo watu wa Shela huvuka kwenda kuomba mvua pale. Makaburi ya zamani pwani hii hayajaachwa, jamani. Mgeni huona gofu, lakini mwenyeji anajua nani alikuja asubuhi na nani atakuja kesho.

Ukienda Mbaraki, Mombasa, ile nguzo kubwa ya mawe karibu na msikiti, utakuta chupa za marashi na mabaki ya ubani. Nguzo ile ilikwisha kuwamo kwenye ramani ya Wareno ya 1728. Msikiti ulipoachwa, watu walipafanya mahali pa kuzungumza na pepo. Kwa hiyo kama Tongoni kuna mtu alifukiza ubani chini ya nguzo jioni hiyo, moshi hupanda wima pakiwa hapana upepo. Picha mbili za mwanzo na mwisho upepo ukauchukua.

Angalia picha vizuri chini kabisa, kama kuna kipande cha kaa la moto au kigae cha kufukizia.

#12 Mwana wa Chumbageni

Bint Shela, ahsante. Nimekuza picha. Kuna kitu cheusi chini lakini kinaweza kuwa jiwe. Mzee hakusema kama kuna aliyekuja siku ile, na kwa kweli sikumuuliza, ningeonekana napeleleza ibada za watu. Harufu ya ubani sikuisikia, ila upepo ulikuwa ukitoka nyuma yangu kwenda baharini.

#13 Fundi Lenzi

Upepo wa nyuma yako na moshi wima haviendi pamoja.

#14 Bint Shela

Nyuma ya nguzo na ukuta wa kaburi kuna kikinga upepo. Fundi, umeshawahi kufukiza?

#15 Pweza Mkavu

Nimerudi. Hii ya moshi naikubali zaidi. Lakini mimi nimesikia Tongoni walizama Wareno, meli ya Vasco da Gama. Si ndio hao wanaotoka usiku?

#16 Mwalimu wa Pangani

Pweza, tuiweke sawa hiyo. Meli ni São Rafael, na hakuna aliyezama nayo. Mwaka 1499 Vasco da Gama alikuwa anarudi kutoka India, na mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye. Waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Akawahamishia watu kwenye meli nyingine na São Rafael ikachomwa moto katika maji ya Mtang'ata, yaani hapo hapo Tongoni. Hakuna kaburi la Mreno linalotokana na tukio lile.

Kama unataka makaburi ya wakati wa Wareno, nenda Malindi kwenye kile kikanisa kidogo chenye paa la makuti. Mmisionari Francis Xavier alipopita 1542 alifanya maziko hapo.

#17 Mlinzi wa Mikoko

Mimi nitaleta maelezo ambayo hamjayataja: bundi. Yule wa uso mweupe na kifua cheupe anapenda magofu kuliko mti wowote. Anaruka bila sauti. Sekunde mbili za kamera akipita mbele ya nguzo, anachora mfereji mweupe mrefu kwenye picha, na mbawa hazionekani.

Na sauti nyingi za "watoto wanaolia" kwenye magofu ni komba. Nimefanya kazi kwenye misitu ya pwani, nimewaona watu wazima wakikimbia kwa sababu ya komba. Chapwani, kile kisiwa cha makaburi mbele ya Mji Mkongwe, walikozikwa mabaharia wa meli ya Uingereza HMS Pegasus iliyopigwa na Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914, kuna popo wakubwa wengi kiasi kwamba ikifika magharibi mbingu zinatikisika. Mgeni asiyejua ataandika kitabu kizima.

#18 Kilifi Kwetu

Mlinzi, bundi kimo cha mtu?

#19 Mlinzi wa Mikoko

Akipaa kutoka chini kwenda juu ndani ya hizo sekunde mbili, ndiyo. Kimo ni cha njia yake, si cha mwili wake.

#20 Ustadh wa Mtaa wa Nne

Ndugu zangu, nawaombeni jambo. Mtume, rehma na amani zimshukie, aliwahi kukataza kuzuru makaburi kisha akaruhusu, kwa sababu yanakumbusha akhera. Kwenda si kosa. Lakini alikataza kukaa juu ya kaburi. Nimeona mtandaoni vijana wamepanda juu ya kuta za makaburi ya Kaole kupigwa picha za arusi. Mle wamo watu. Maiti haachi kuwa Muislamu kwa sababu amekufa miaka mia sita iliyopita.

#21 Nyota ya Kunduchi

Ustadh, swali kwa heshima. Hadithi hiyo hiyo inakataza pia kujenga juu ya makaburi na kuyapaka chokaa. Sasa hizi nguzo za mita kadhaa, zilizopakwa chokaa na kupambwa kwa mabakuli ya China, walizijenga Waislamu. Waliwaza nini?

#22 Ustadh wa Mtaa wa Nne

Swali zuri. Walikuwa binadamu na mji wao ulikuwa tajiri. Sina zaidi.

#23 Mwalimu wa Pangani

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Wapo wanaosema nguzo ni ishara ya mnara wa msikiti. Wapo waliozifananisha na nguzo za makaburi za Ethiopia kusini, ishara ya uanaume na ukoo, ambazo zinaweza kuwa za kabla ya Uislamu. Wengine wanasema ni cheo tu: mwenye bandari na wafanyabiashara wake wanataka msafiri aone nguzo akiwa bado baharini. Bakuli la China juu ya kaburi linasema marehemu alikuwa na mkono wa kufika mbali.

#24 Mswahili wa Muscat

Na Zanzibar mambo yalikwenda kinyume. Makusurani, makaburi ya masultani karibu na kasri, kaburi la Said bin Sultan aliyefariki 1856 lilianza kujengewa kuba, halikumalizika. Sisi Waibadhi, madhehebu ya Waislamu wengi wa Oman, tunapenda kaburi liwe jepesi. Huku Oman unaweza kupita mbele ya kaburi la mtu mkubwa usijue, ni mawe mawili tu. Kupiga picha makaburi ya huku sithubutu, watu hawapendi. Unaomba ruhusa, na ukiambiwa hapana, unafunga kamera.

#25 Nyota ya Kunduchi

Mabakuli yenyewe yako wapi sasa? Kunduchi nimepiga picha nguzo ambazo zimebaki na matundu ya duara tu. Kuna anayesema wageni waliyang'oa zamani, mwingine anasema ni wenyeji, mwingine anasema yalianguka na kuvunjika yenyewe.

#26 Mwalimu wa Pangani

Yote matatu yanatokea. Baadhi ya vitu vilivyopatikana Kaole vilipelekwa makumbusho ili visiibwe. Chokaa ikioza, bakuli linadondoka bila mtu kuligusa. Na wezi wapo. Kumbukeni Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda kilichojengwa kabla ya 1863 hata kama hakuna kibao. Kuondoa kigae ni kosa la jinai, licha ya mizimu ya Kilifi Kwetu.

#27 Kiberiti cha Raskazone

Na makaburi ya Wajerumani Bagamoyo, yale ya pwani? Nasikia Bushiri alinyongwa pale pale na ndiye anayetembea usiku akiwatisha waliomnyonga.

#28 Mwalimu wa Pangani

Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Sisi huku tunajua. Bagamoyo kuna makaburi ya Wajerumani wa wakati wa vita vile na kuna mahali panapoitwa pa kunyongea watu, lakini msimhamishe marehemu.

#29 Kiberiti cha Raskazone

Basi anatembea mbali.

#30 Jongoo Msafiri

Nimesoma yote. Kuna jambo la hisia halijaguswa. Mtafiti Mwingereza Vic Tandy aliandika mwaka 1998 kuhusu maabara iliyosemekana ina mzimu. Watu waliona baridi, wakahisi kuna mtu, na yeye aliona kitu cha kijivu pembeni mwa jicho. Akagundua feni iliyokuwa ikitoa mtetemo wa sauti ya chini sana, karibu hezi 19, ambayo sikio halisikii. Feni ikazimwa, hali ikaisha.

Mawimbi ya bahari na upepo kwenye kuta zilizobomoka vinaweza kutoa sauti za chini. Ile hisia ya Gedi, ya kuangaliwa, naipa nafasi hapo.

#31 Kilifi Kwetu

Gedi iko ndani ya msitu, bahari haiko mlangoni. Na Kirkman hakuwa na feni.

#32 Jongoo Msafiri

Upepo je?

#33 Kilifi Kwetu

Nilisema msitu unanyamaza.

#34 Fundi Lenzi

Naomba niseme lililo moyoni, kwa sababu napenda makaburi haya kuliko ninavyopenda kubishana. Picha ya kitu cheupe itazungushwa na watu elfu. Picha ya maandishi ya kaburi haizungushwi na mtu, na ndiyo inayotakiwa. Chumvi ya bahari inakula matumbawe na chokaa kila mwaka. Herufi iliyosomeka wakati babu yako akiwa kijana leo ni mkwaruzo.

Ukikuta maandishi usiyapake chokaa, unga wala majivu ili yasomeke. Unayaua. Nenda alfajiri au jioni, jua likiwa limelala, mwanga ukipita ubavuni mwa jiwe. Kila mfereji wa herufi unatupa kivuli. Jua likiwa la utosini, beba tochi, iweke chini kabisa upande mmoja, mwenzako akufunike na kanga kuzuia jua. Piga kutoka kushoto, piga kutoka kulia, piga kutoka juu. Weka rula kwenye picha moja ili ukubwa ujulikane. Kisha piga kaburi zima, na kaburi pamoja na majirani zake, ili mtu wa kesho ajue lilikuwa wapi.

#35 Bint Shela

Fundi hapo umesema kweli tupu. Bibi yangu alikuwa akijua kaburi la nani ni lipi bila maandishi. Alipofariki, majina yakaenda naye. Nami naongeza: ukipiga picha, muulize mzee wa pale jina la aliyelala, umrekodi sauti akikubali. Jina bila picha linapotea, na picha bila jina nayo ni nusu.

#36 Mwana wa Chumbageni

Nimelichukua hilo. Mzee wa Tongoni anajua mengi, nitakwenda na kinasa sauti. Na nimezungumza na bodaboda tena. Anasema alisogea hadi kwenye ukuta wa msikiti kupokea simu. Ukuta huo uko upande wa pili wa picha.

#37 Mlinzi wa Mikoko

Muulize pia kama alimwona bundi.

#38 Mwana wa Chumbageni

Nimemuuliza. Amesema usiku hataji jina la ndege huyo.

#39 Fundi Lenzi

Simu ilikuwa na taa ya skrini? Fulana nyeusi, lakini uso na skrini vinang'aa.

#40 Bint Shela

Fundi, upande wa pili wa picha! Soma.

#41 Pweza Mkavu

Mwana wa Chumbageni, ukirudi Tongoni niambie, nami nina kamera na sina wa kwenda naye. Naweza kushika kanga ya Fundi. Daladala za Pangani zinashusha karibu?

#42 Mwana wa Chumbageni

Zinashusha barabarani, unatembea kidogo. Njoo asubuhi na mapema, tuanze na makaburi ya upande wa bahari, yale ndiyo yanayokwisha haraka. Beba maji, na kofia au kilemba. Ukifika salimia kwanza kwa mzee, kiingilio lipa na stakabadhi uchukue.

#43 Nyota ya Kunduchi

Nikitoka Dar Ijumaa usiku nawahi? Nina picha ya Kunduchi ya saa sita mchana, haina flashi wala hali ya usiku, na ina doa kama hilo. Nitaileta muione.

#44 Fundi Lenzi

Ilete yenyewe kama ilivyotoka kwenye kamera. Usiitume kwa WhatsApp, inabanwa.